Namna ya kutoa harufu ya mtu kwenye nguo za mawindo kwa vitu vya nyumbani, hasa sisi wa Dodoma na maji yetu

Kuna mwaka, mwezi wa nane, tulikuwa pori upande wa Itigi, leseni ipo, askari wa wanyamapori tuko naye, na tulikuwa tunamfuatilia tandala dume tangu alfajiri. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, yani kila kitu kilikuwa sawa. Tukasogea mpaka kama mita themanini hivi, alafu upepo ukageuka kidogo tu, sekunde mbili tatu, dume likabweka mara moja likazama kichakani, na anayekijua kile kichaka cha Itigi anajua hapo ndo basi. Mzee aliyekuwa anatuongoza, Msandawe wa kule Kwa Mtoro, hakunigombeza. Alishika kola ya shati langu akainusa akasema, "Mjukuu wangu, hii sio harufu ya mtu, hii ni harufu ya duka." Nilikuwa nimeifua juzi yake kwa sabuni ya unga yenye manukato ya maua, na nikaisuuza kwa ile dawa ya kulainisha nguo, nikijua nimefanya usafi wa maana.

Tangu siku ile nimekuwa najifunza hii kitu kwa kujaribu, nyumbani kwangu, kwa vitu vya dukani vya kawaida, na nataka nikueleze yote ninayoyajua. Kama ni mwindaji mwenye leseni, au unafuatana na wageni wa uwindaji kama mfuatilia nyayo, au hata unapiga picha wanyama, inakuhusu. Kama huna leseni kaione TAWA kwanza, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mchezo, na sitaki mtu achukue haya maelezo akayapeleke kwenye ujangili.

Tunatoa, hatufuniki

Wengi wanadhani dawa ni kuweka harufu nyingine juu ya harufu ya mwili. Hapana. Mnyama hanusi kama sisi kwamba kikizidi kimoja kingine kinapotea, yeye anazinusa zote kwa pamoja kila moja na mahali pake. Chukua tembo, watafiti walikuta ana jeni za kunusa kama 2,000, wakati mbwa ana kama 800 na mtu kama 400 tu. Na kule Amboseli nchini Kenya, utafiti uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo wakinusishwa nguo iliyovaliwa na mwanaume wa Kimaasai wanaogopa kuliko nguo iliyovaliwa na Mkamba, na nguo safi ambayo haijavaliwa haiwashtui hivyo. Yani mnyama anajua mpaka kabila la aliyevaa shati, alafu wewe unataka umdanganye kwa manukato ya maua!

Sasa harufu yenyewe inatoka wapi. Jasho likiwa bichi halina harufu ya maana. Kwapani na kinenani kuna jasho zito zaidi lenye mafuta na protini, bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanalila hilo, na wanachobakiza ndo kinachonuka, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni asidi asidi. Ongeza mafuta ya ngozi, seli za ngozi zinazodondoka muda wote, moshi wa jiko, petroli ya bodaboda, dagaa wa jirani. Kwahiyo kazi ni tatu: kuua au kupunguza bakteria, kutoa mafuta wanayoyala, na kuzima asidi. Ukilishika hili, hatua zote huko chini utaona zinajieleza zenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua nguo zenyewe

Pamba. Polista inashika harufu ya kwapa kuliko pamba, hata ukiifua vizuri ikipata joto la mwili tu inaanza tena, wewe mwenyewe umeshaona jezi ya mpira inavyonuka. Suruali nzito ya pamba na shati la mikono mirefu rangi ya kaki, kahawia au kijani kilichopauka inatosha kabisa.

Rangi, mambo mawili. Usivae mabaka yanayofanana na ya jeshi hata kama umeyakuta mtumbani kwa bei nzuri, JWTZ walitoa tangazo Agosti 2023 wakawapa raia siku saba kuzisalimisha nguo za aina hiyo. Alafu epuka bluu na nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi mbili, na pori la Rungwa lina mbung'o wa kutosha. Hata swala na jamaa zake bluu wanaiona vizuri, nyekundu ndo inawasumbua.

Nguo za mtumba za soko la Sabasaba hapa Dodoma ni nzuri kwasababu pamba yake mara nyingi ni ya ukweli, ila zinakuja na ile harufu ya dawa ya robota. Zifue mara tatu kabla hujazihesabu kuwa nguo za pori. Na ukishazitenga zimetengwa, usizivae kwenda sokoni au kwenye msiba, zisikae kabati moja na nguo zenye vidonge vya kuzuia nondo.

Hatua ya pili: maji, hapa ndo wengi tunafeli

Hii hutaisikia kwa mtu wa Morogoro. Maji yetu mengi huku ni ya visima, hata mji wa Dodoma wenyewe kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, na vijijini ndo kabisa, unakuta maji yana chumvi na chokaa mpaka chai inabadilika ladha. Maji ya chokaa yakikutana na sabuni ya mche hayatoi povu, yanatoa utando mweupe kama jivu unaong'ang'ania kwenye uzi wa nguo, na ule utando ni mafuta. Kwahiyo unafua, unaongeza sabuni, unaongeza tena, na kumbe unawapelekea bakteria chakula. Nguo ikikauka inakuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi, na ukitoa jasho saa moja tu inanuka.

Kama una maji ya mvua uliyoyakinga, yatunze kwa hii kazi, hakuna bora kuliko hayo. Huna? Tumia magadi ya mawe, yale tunayowekea mlenda. Yaponde, chukua kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, koroga kwenye ndoo ya lita 20, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta chokaa kimetuama chini kama vumbi jeupe, unachota maji ya juu taratibu bila kutibua. Chumvi yenyewe haitoki kwa njia hii, inatoka chokaa, lakini chokaa ndo adui wa sabuni, na ukijaribu utaona povu linavyorudi. Jaribu kwanza kwenye beseni dogo, kama povu bado linakataa ongeza nusu kijiko.

Hatua ya tatu: kuloweka na magadi soda

Magadi soda, ile ya unga mweupe kwenye pakiti ndogo, siyo ya mawe. Ya mawe ni makali, ikikaa na nguo muda mrefu inapausha rangi na kukwangua mikono. Kwa beseni la lita 10 weka vijiko sita vya chakula vya magadi soda, koroga mpaka iyeyuke, geuza nguo ndani nje (jasho liko ndani), zamisha, acha masaa manne au usiku mzima. Hii ndo inazima zile asidi nilizokwambia. Sehemu za kwapa, kola na kinena, kabla ya kuzamisha, tengeneza uji mzito wa magadi soda na maji kidogo upake hapo moja kwa moja, usugue kwa brashi laini.

Hatua ya nne: kufua

Sabuni ya mche ya kawaida isiyo na manukato. Nusa kabla ya kununua, kama inanukia limau au maua iache dukani. Sabuni za unga nyingi zina manukato na zina ile dawa ya kung'arisha inayofanya nguo iwake bluu kwenye mwanga, na nimeshasema wanyama wanaiona bluu. Kwangu mimi sabuni ya unga haigusi nguo ya pori.

Kwaruza sabuni ipate vipande, iyeyushe kwenye maji ya moto kidogo, changanya kwenye beseni, fua kwa mkono ukiikazia kwapa, kola, mikono na kiuno. Tumia sabuni kidogo kuliko ulivyozoea, kosa kubwa sio sabuni kuwa ndogo, kosa ni sabuni kubaki. Suuza mara mbili, ya tatu kama maji bado yana ukungu. Na beseni lenyewe liwe safi, lile la kufulia nepi na nguo za nyumbani limeshakunywa manukato, ukiweza tenga beseni moja la hii kazi tu. Mikono yako pia, kama umetoka kumenya vitunguu au kushika bodaboda, nawa kwanza.

Hatua ya tano: siki

Siki nyeupe, kikombe kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji safi. Zamisha nguo dakika 20 mpaka 30, alafu suuza mara moja kwa maji matupu. Siki inatoa mabaki ya chokaa na sabuni, na inazima harufu ambazo magadi hayaziwezi, kama ile ya mkojo mkojo ya jasho lililolala. Harufu ya siki yenyewe inaondoka nguo ikikauka, usiwe na wasiwasi.

Watu wananiuliza kwanini nisichanganye siki na magadi kwenye beseni moja nimalize kazi. Kwasababu zinauana. Lile povu unaloliona linavutia macho ila ni asidi na besi zinamalizana, unabaki na maji yasiyo na nguvu yoyote. Magadi kwanza, fua, suuza, ndo siki.

Ndimu usiweke badala ya siki. Inaacha harufu yake, na juisi ya ndimu ikibaki kwenye ngozi ukapigwa na jua inababua vibaya.

Jik, hapa soma mara mbili

Jik siitumii kabisa kwenye nguo za pori, harufu yake haiondoki kirahisi na inakula pamba. Lakini najua kuna mtu atasema ngoja niweke kidogo kuua bakteria, kwahiyo nasema wazi: Jik ikikutana na siki inatoa hewa ya klorini, hiyo ni sumu ya mapafu, na kwenye kibafu kidogo kisicho na dirisha inaweza kukuangusha. Usiichanganye na siki, usiichanganye na haidrojeni peroksaidi, na kama uliitumia kwenye beseni jana lisuuze kabisa kabla ya siki kuingia. Watoto wakae mbali.

Kuanika

Jua la Dodoma ni zawadi, mwezi wa sita mpaka wa kumi hakuna wingu, na miale yake inasaidia kuua bakteria. Anika nguo ikiwa ndani nje, siku nzima, baadae geuza, siku ya pili tena. Mahali pa kuanika ndo kesi. Isiwe karibu na jiko, choo, banda la kuku, au barabara ya bodaboda na malori. Mimi nimefunga kamba nyuma ya uwanja kwenye mgunga, upepo unapita, vumbi likiingia sijali maana vumbi la huku na vumbi la pori ni lile lile. Usipige pasi, hasa ya mkaa.

Moshi: wengine wanakataa, mimi nafanya

Hapa watu tunabishana sana. Nimekuwa na wafugaji, nimeona wanavyofukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mti, na maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika, kwasababu moshi wa kuni una vitu vinavyozuia bakteria. Kwenye nguo ni hivyo hivyo. Alafu kiangazi pori letu linaungua kila mahali, moshi sio kitu kigeni kwa mnyama. Kwahiyo siku moja kabla ya safari nawasha kijimoto kidogo cha kuni kavu na majani, nje, naacha miale ife, natundika nguo mbali na moto zipate moshi uliopoa kama nusu saa. Kuni tu, sio mkaa uliodondokewa na mafuta ya nyama, sio plastiki, sio mafuta ya taa kuwashia.

Ila moshi unakuja mwisho, kwenye nguo safi. Ukifukiza shati lililojaa jasho unapata shati la jasho lenye moshi, na mnyama anavinusa vyote viwili. Na kama unakoenda kumenyesha na hakuna moto, acha hii hatua.

Kuhifadhi

Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, iliyooshwa kwa magadi soda na kuanikwa juani siku mbili. Isiwe iliyokuwa ya rangi au mafuta ya kula, hiyo haitoki kamwe. Nguo ziwe zimekauka kabisa, unyevu kidogo tu ndani ya ndoo unarudisha bakteria wote. Ndani naweka kitambaa cha pamba chenye mkaa uliopondwa, mkaa wetu hauna nguvu kama ule ulioandaliwa kiwandani kwa kunyonya harufu, ila unasaidia kiasi. Wengine wanaweka majani na udongo wa pori lenyewe, ni wazo zuri, ila yakung'ute vizuri uyaanike kwanza maana kupe wanajificha humo. Kinyesi cha mnyama kavu usipake kwenye nguo hata kama umeona mtu anafanya.

Viatu, kofia, mkanda

Unafua nguo siku tatu alafu unavaa buti lililonuka toka mwaka jana, na kumbe mguu ndo unaogusa kila jani unapopita. Toa soli ya ndani, ifue kama nguo, nyunyizia magadi soda ndani ya kiatu usiku kucha, asubuhi kung'uta, anika juani kiatu kikiwa kimepanuliwa mdomo. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Nje futa kwa kitambaa chenye maji ya siki, usipake rangi ya viatu. Soksi za pamba pea mbili, moja ya njiani na moja ya porini.

Kofia inakunywa mafuta ya nywele, ipitishe hatua zote. Mkanda wa ngozi uache nyumbani vaa wa kitambaa. Begi na kamba ya darubini watu wanazisahau kabisa, na zimelala begani kwako miaka. Bunduki ipakwe mafuta kidogo, ifutwe ikauke.

Dawa ya kupulizia njiani

Hii msingi wake ni wa mkemia mmoja Mmarekani, Paul Krebaum, ambaye mwaka 1993 alijulikana kwa mchanganyiko wa kuondoa harufu ya mnyama wao anayenuka kama kicheche wetu. Mimi naupunguza makali. Nusu lita ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko viwili vya chakula vya magadi soda, na matone machache ya maji ya sabuni ya mche. Soma kibandiko, kama imeandikwa asilimia 6 ichanganye kwanza na maji kiasi hicho hicho ndo uihesabu kama ya 3.

Changanya kwenye chombo kilicho wazi na kiache wazi usiku kucha, mchanganyiko unatoa gesi ya oksijeni, ukiufungia kwenye chupa inapasuka. Hata baadae kwenye chupa ya kupulizia usikaze kifuniko. Inaisha nguvu haraka, hasa ikiona mwanga, kwahiyo tengeneza ya safari moja na uiweke kivulini. Jaribu kwanza ndani ya kola kama inapausha. Inapulizwa kwenye kwapa, kola, viatu na kofia, nguo iwe wazi ikauke, sio machoni wala kwenye kidonda.

Siku yenyewe

Oga kwa sabuni hiyo hiyo ya mche, kichwa pia. Usipake mafuta wala pafyumu wala kitu cha kwapa chenye harufu, meno sugua kwa mswaki wa mti au magadi soda. Siku mbili kabla punguza vitunguu saumu, na sigara acha, hakuna sabuni inayoshinda sigara. Safiri na nguo zako za kawaida, nguo za pori zibaki kwenye ndoo mpaka mfike, uvae nje ya gari. Umepanda gari la dizeli ukiwa umezivaa, umefua bure.

Alafu tembea taratibu. Jasho likianza kutiririka una muda mfupi tu, kwahiyo asubuhi ya baridi anza na shati moja, jaketi libebe.

Na nikwambie ukweli, harufu haiishi. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 2002, watu walivaa nguo maalum za kiwandani za kunyonya harufu wakajificha, mbwa wakawapata karibu wote. Hizi hatua zote zinakupunguzia, ule upepo ukigeuka sekunde mbili labda mnyama anainua kichwa tu badala ya kukimbia, labda anadhani uko mbali. Kwahiyo ukishavaa kila kitu, shona kimfuko cha kitambaa chepesi, jaza majivu laini yaliyochekechwa, funga mdomo. Kila baada ya hatua kadhaa kitikise uangalie majivu yanaelekea wapi. Alfajiri hewa ya baridi inashuka mabondeni, jua likipanda inageuka inapanda juu, na hapo katikati, kama saa tatu saa nne asubuhi, inazungukazunguka bila mpango, ndo muda ule tandala wetu alitunusa. Saa hizo mimi nakaa chini kivulini nasubiri majivu yaanze tena kwenda upande mmoja.